Meno Yasiyouma

Meno yangu hayakuniuma. Naanza na hilo kwa sababu wanawake wenzangu wa hapa Kisauni wanaonijia siku hizi, jambo la kwanza wanaloniuliza ni maumivu yalianzia wapi. Hayakuanzia popote. Yangeniuma ningekwenda kuyatazamisha mapema, kama ninavyokwenda nikiumwa na kichwa au mgongo. Yalikuwa yakitoa damu tu, kidogo, nikipiga mswaki asubuhi, na mate nikiyatema yana wekundu mwepesi kama maji ya kwanza ya kuoshea nyama. Nikasukutua, nikavaa buibui langu, nikaenda zangu kufundisha.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Kwa asiyejua, huku kwetu chuo ni pale watoto wanapojifunza kusoma Kurani. Chetu kiko Bakarani, vyumba viwili nyuma ya msikiti, na nimefundisha wasichana wadogo pale tangu binti yangu Rukia hajaanza kutembea. Sasa Rukia ni mtu mzima, ana kazi yake katika hoteli moja Shelly Beach. Watoto huniita Bi Maalim. Kazi yangu kubwa ni matamshi. Kila herufi ina mahali pake kinywani, na mtoto mdogo huwezi kumweleza kwa maneno matupu. Unamwinamia, unafungua kinywa chako mbele ya uso wake, unamwonyesha ulimi unagusa wapi. Thaa, dhali na dhaa hutokea ncha ya ulimi inapokutana na makali ya meno mawili ya mbele ya juu. Wapo walimu wazee wenye mapengo na bado wanafundisha, Mungu awalipe, lakini wenyewe watakwambia si kama zamani.

Basi mchana kutwa nilikuwa nikikifungua kinywa hiki karibu na nyuso za watoto wa watu, wala sijui kinachoendelea ndani yake.

Damu ilipozidi nilifanya kama kila mtu afanyavyo. Nilisukutua kwa maji ya chumvi. Nilitafuna karafuu. Nikaacha mswaki wa dukani nikarudia wa mti, halafu nikaona hata huo wanitoa damu, nikawa nagusagusa tu juu juu, nikidhani naupumzisha ufizi. Ukoga ukajijenga nyuma ya meno ya chini, mgumu, rangi ya kahawa, nikiupitisha ulimi nausikia kama kigae.

Halafu meno ya mbele yakaanza kuachana. Hili ndilo linalonichekesha leo, kama kuna la kuchekesha. Tulikuwa kwenye harusi ya jamaa yetu, nimejipamba, nikacheka, na mwanamke mmoja akanishika kidevu mbele ya wenzake. “Jamani, Mama Rukia! Ukubwani ndiko wapata mwanya?” Wakapiga vigelegele. Mwanya, kwetu, ni uzuri. Mtu huzaliwa nao na akasifiwa maisha yake yote. Nami nikajiona nimepewa kitu. Sikujua kwamba yale meno yalikuwa yanahama kwa sababu hayana tena pa kushikilia.

Ramadhani ikaingia. Mwezi ule ulinisitiri. Ufizi ulitoka damu nikiwa nimefunga, nikamtuma mume wangu kumwuliza imamu, akajibiwa niteme, nisimeze kwa kusudi, saumu yangu ni sahihi. Na kuhusu harufu, nani angejua? Mwezi wa Ramadhani kila kinywa kina harufu ya njaa, na hakuna anayemsema mwenzake. Nilisoma, nikasomesha, nikasali tarawehe bega kwa bega na wanawake, na hakuna aliyenihepa.

Idd ikapita. Watu wakarudi kula na kunywa, vinywa vyao vikarudi kama kawaida. Changu hakikurudi.

Aliyeniambia ni mtoto wa miaka sita, Salma. Nilikuwa nimemwinamia kumfundisha thaa. Nikamwona amevimbisha mashavu, macho yanamtoka machozi.

“Toa pumzi, mwanangu. Herufi haitoki bila pumzi.”

Akatikisa kichwa.

“Salma, toa pumzi.”

“Bi Maalim, kwanza wewe geukia kule.”

“Nigeuke kwa nini?”

Msichana mkubwa aliyekaa nyuma yake akamfinya, lakini mtoto alishafungua mdomo. “Wanuka. Wanuka kama panya alokufa kabatini kwetu.”

Wachache wakacheka. Waliobaki waliinamisha vichwa, na hao ndio walioniumiza zaidi, kwa sababu nilielewa kwamba darasa zima lilikuwa likijua. Sikumgombeza. Nikawaambia wafunge juzuu zao waende nyumbani, nikatoka nimejifunika mdomo kwa mtandio, na sikumwitikia mtu salamu njia nzima.

Mume wangu Omari ni karani bandarini, huandika makontena yanayoshuka melini, na siku ile alikuwa na zamu ya jioni. Nilimkuta anapiga shati lake pasi. Nikasimama mlangoni.

“Baba Rukia, mdomo wangu wanuka?”

Pasi ikasimama juu ya ule mkono wa shati.

“Nani kakwambia?”

“Nakuuliza wewe.”

Akaiinua pasi, akaiweka pembeni, akaizima. “Wanuka.”

“Tangu lini?”

“Kitambo.”

“Kitambo gani?”

“Tangu kabla mamangu hajafariki.”

Mama mkwe wangu alikuwa amefariki miaka kadhaa iliyopita. Nikakaa kitini. Nilikumbuka jinsi Omari alivyozoea kulala ameelekea ukutani, nami nikidhani ni mgongo wake, halafu nikidhani ni mimi, nimezeeka, hanitaki. Mawazo yote hayo niliyameza peke yangu.

“Mbona hukunambia?”

“Ningekwambiaje, Maimuna? Mtu atamwambiaje mkewe neno kama lile? Nilikusitiri.”

“Kunisitiri ni kwa watu wa nje! Wewe wa ndani ulitakiwa unambie!”

Nilipaza sauti mpaka jirani akanyamazisha redio yake.  Omari alivaa lile shati lililopigwa pasi mkono mmoja, akaenda kazini. Tulikaa siku nyingi hatusemezani ila la lazima: chakula kiko tayari, maji yamekatika, mlango umefunga? Siku hizo ndizo zilizonichosha kuliko sindano zote zilizokuja baadaye.

Chuoni nilimwomba Ustadha Latifa, mwalimu kijana, anishikie watoto wadogo kwa muda. Nikamwambia nina homa. Akanitazama, akasema, “Pumzika, Bi Maalim,” na nikajua hata yeye alikuwa akijua.

Nilikwenda kwanza zahanati ya karibu. Kijana wa pale alinitia kidole cha glavu, akayatikisa meno ya mbele, yakacheza. Akasema haya yamelegea, yang'olewe, tena aweza kuyang'oa siku ile ile. Nikashuka kitini nikaondoka.

Nikavuka kwenda Likoni kwa mamangu. Mama ana umri mkubwa sasa na kinywani hana jino hata moja. Hula kwa fizi, na hula vizuri. Alinisikiliza huku anachambua mchele.

“Mwanangu, meno ya kwetu hayakai. Yangu yalitoka moja moja, sikulia. Bibi yako ni hivyo hivyo. Chemsha mwarobaini usukutue, yakitoka yatoke.”

“Mama, mimi nasomesha.”

“Hata bibi yako alikuwa na kazi zake.”

Hakukusudia ubaya. Kwake lilikuwa jambo lililokwisha amuliwa kabla hatujazaliwa. Lakini nilirudi nimevunjika moyo, kwa sababu nilikuwa nimekwenda nikitaka mtu mmoja aniambie kuna la kufanya.

Mtu huyo akawa Rukia. Sijui babake alimwambia nini kwa simu. Alikuja siku yake ya mapumziko, akakaa karibu yangu kabisa, karibu kuliko mtu yeyote alivyokaa kwa muda mrefu, akasema, “Mama, fungua kinywa nione.” Nikakataa. Akasema, “Ulinitawaza mimi mpaka nikajua mwenyewe. Fungua.” Nikafungua. Hakukunja uso. Akaniambia mwenzake wa kazini alitibiwa fizi na daktari mmoja huko Mkomani, na kwamba keshokutwa yake tunakwenda, iwe nataka au sitaki.

Kliniki ile iko ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Chumba cha kungojea ni kidogo, viti vya plastiki vya buluu, televisheni inaonyesha bila sauti, na ukutani picha ya kinywa kinachocheka, meno meupe yamepangika mpaka yanatisha. Nimekaa kwenye chumba kile mara nyingi sana, nakijua kila ufa wake. Siku ile ya kwanza nilichagua kiti cha mwisho dirishani, nimejifunika mpaka puani. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, mtu wa bara, shavu limemvimba jicho halifunguki vizuri. Hakuweza kusema. Aliniona natoka jasho ndani ya buibui, akasimama, akanionyesha kwa mkono kiti chake kilichokuwa chini ya pangaboi. Nikakikalia. Mtu mwenye maumivu yale, kunifikiria mimi! Mpaka leo humwombea dua.

Daktari ni mwanamke kijana, aitwa Nekesa. Nilipolala kwenye kile kiti cha kuegemea nilimshika mkono kabla hajaanza.

“Daktari, samahani. Kinywa changu chanuka sana.”

“Mama, hapa hakuna mtu anakuja na mdomo unanukia marashi,” akasema. “Wewe fungua tu.”

Nilifumba macho yakanitoka machozi, na hata hakuwa amenigusa.

Alichukua chuma chembamba chenye alama, akawa anakitelemsha kando ya kila jino, kati ya jino na ufizi, huku anamtajia msaidizi wake namba. Mimi sikujua namba zina maana gani, ila nilisikia kile chuma kinavyozama. Palipotakiwa pasimame, hapakusimama. Halafu akanipiga picha ya taya, akaniketisha, akanionyesha.

“Meno yako mazuri, mama. Hakuna hata tundu moja. Shida ni nyumba yake. Huu mfupa unaoshika jino umeliwa, hapa na hapa. Hapa mbele juu kushoto, karibu umeisha.”

“Nimekula nini kilichoula?”

“Ni ule uchafu uligandamana chini ya fizi, miaka mingi. Lakini nataka nikuulize kitu ingine. Unasikia kiu sana?”

Rukia akanitazama. Ndiyo, nilikuwa nasikia kiu. Chupa ya maji haikuniacha, nikidhani ni joto la kaskazi. Usiku nilikuwa naamka kwenda msalani mara kwa mara. Na kidonda cha kisu kidoleni kilichukua muda mwingi kupona. Daktari akanidunga ncha ya kidole pale pale, akatazama kimashine chake, akamwonyesha msaidizi. Sukari ilikuwa juu sana.

Nilipanda ngazi zile na ugonjwa mmoja, nikashuka na miwili. Hivyo ndivyo nilivyojisikia. Ilinichukua muda kuona kwamba ule wa pili nilikuwa nao siku zote, na kwamba ni fizi zilizonishtaki kabla macho au miguu yangu haijaharibika.

Daktari hakutaka kugusa meno mpaka sukari ishuke. Kwa hivyo kabla ya meno yalikuja mabenchi ya hospitali, foleni za alfajiri, vidonge, na chakula. Mswahili umwondolee sukari, mkate wa kumimina, kaimati, mahamri, na wali umpimie kwa bakuli! Omari alizoea chai tamu, na sufuria yetu ilikuwa moja. Mama alipika kaimati nilipokwenda kumwona, nikakataa, akaona namdharau. Akazifunika sahani. Kila mahali nilipokwenda ilinibidi nijieleze, na kujieleza kunachosha. Mwili ukapungua. Bangili zikanitoka mkononi zenyewe. Watu wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama niko salama.

Masika yalipoanza ndipo nilipoanza kusafishwa. Kinywa daktari alikigawanya mapande, pande moja kila safari: kulia chini, kulia juu, kisha kushoto. Sindano ya ganzi inauma kidogo, kisha midomo inakuwa si yako. Halafu unasikia chuma kinakwangua chini kabisa, mahali ambapo hujawahi kujua kuwa una mahali. Hakiumi. Ni sauti tu, ndani ya fuvu, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria, na shingo imekukaza, na maji yanakutiririka kooni. Nikitoka hapo najikuta nimefumba ngumi mpaka kucha zimeniachia alama viganjani.

Kurudi nyumbani ndiyo ilikuwa kazi nyingine. Mvua, matope ya Bakarani, nusu ya uso imekufa ganzi. Watoto wa chuoni walinikuta njiani wakaniamkia, “Shikamoo Bi Maalim,” nikajibu kitu kisichoeleweka, na mate yakanidondoka kifuani. Wakasimama kando wanipishe. Nilipofika nilijitupa kitandani na viatu vyangu.

Na nyumbani kulikuwa na kazi yangu mimi. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, nao si wa kusugua kwa nguvu bali wa kuzungusha taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Kisha vibrashi vidogo vya kupitisha kati ya jino na jino, kila nafasi. Mwanzoni damu ilitoka kuliko zamani, na daktari alikuwa ameniambia nisiache kwa sababu ya damu. Kuna siku nilisimama mbele ya karo na kile kibrashi mkononi, nikafikiria kwamba hii ni ya kesho pia, na kesho kutwa, na mpaka niwekwe kaburini, nikakitupa chini nikalia. Si kwa maumivu. Nilikuwa nimechoka na kinywa changu.

Omari alitokea, akakiokota, akakiosha. Akavuta kigoda akakaa.

“Huko nyuma kwa magego huoni,” akasema. “Ngoja nikumulikie.”

Akawasha tochi ya simu. Nilikuwa bado nina hasira naye, lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa na hasira, nikafungua kinywa. Akatazama kwa makini, kama anavyotazama namba za makontena yake. “Hapa bado kuna kitu. Rudi nyuma kidogo. Hapo.” Nilipomaliza nikamgeukia, nikampulizia pumzi usoni.

“Haya. Sema kweli.”

Akasita. Kule kusitasita kwake kwa miaka yote nilikuona kukipita usoni mwake.

“Wanuka,” akasema. “Si kama zamani. Lakini wanuka.”

“Ahsante.”

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake kila asubuhi. “Leo je?” “Leo kidogo.” “Leo je?” “Leo ni zaidi ya jana, hukupitisha vizuri.” Hakuna maneno ya mapenzi niliyowahi kuambiwa yaliyonifaa kama hayo. Ikafika asubuhi moja akanusa, akanusa tena, akasema, “Leo wanuka maji tu.” Akatoka kwenda kazini, na mimi nikabaki nimeshika mlango.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilipona. Mvua zilipokatika daktari alipima tena. Ufizi ulikuwa umekaza, umekuwa na rangi ya ufizi, na meno mengi yalikuwa yametulia. Lakini lile la mbele juu kushoto halikuwa na cha kulishika. Alinieleza polepole na mimi nikaitikia kwa kichwa, nilikuwa najua. Kila nilipotamka faa lilikuwa likisogea. Alilitoa. Halikuhitaji nguvu, lilitoka kama lililokuwa likingoja ruhusa. Nililitazama kwenye kisahani cha chuma: jeupe, zima, bila doa. Pale kitini sikulia.

Nililia nyumbani, pamba ilipotoka, niliposimama mbele ya kioo nikajaribu thaa. Ulitoka upepo. Nikajaribu dhali, ukatoka upepo na mate. Nikarudia kama ninavyowarudisha watoto, mara baada ya mara, mpaka nikakaa sakafuni. Latifa alikuwa ameshawazoea wale watoto, na wazazi walikuwa wameanza kumwita yeye kwenye shughuli zao. Hakunipokonya kitu, alinisaidia nilipomwomba. Lakini moyo haujui hesabu hizo, na kwa wiki kadhaa sikupita njia ya chuoni.

Kidonda kilipokauka nikatengenezewa jino la bandia la kuvaa na kuvua. La kwanza lilikuwa nene nyuma. Ulimi ukifika pale unakwama, dhaa ikawa zaa. Nikalirudisha. Daktari Nekesa ni Mkristo wa bara, hizo herufi hazijui, na angeweza kuniambia nitazoea. Badala yake alinikalisha.

“Nisomee hiyo herufi vile inatakiwa kuwa.”

“Siwezi, daktari, ndiyo shida yenyewe.”

“Basi nisomee vile inatoka, uniambie inakosea wapi.”

Nikamweleza ulimi unatakiwa uguse wapi, akajigusa yeye mwenyewe kwa ulimi wake, akajaribu. Ilimtoka vibaya, tukacheka. Akalipeleka lile jino kwenye kimashine chake, akalichonga kidogo, akanivalisha. “Sema.” Nikasema. “Bado?” Bado. Akachonga tena. Wagonjwa walikuwa wanangoja nje, msaidizi alichungulia mara mbili, naye hakuinua kichwa. Tulikwenda hivyo mpaka mara moja herufi ikatoka, dhaa nzima, nzito, mahali pake. Yeye ndiye aliyeinua kichwa kwanza. “Hiyo,” akasema. “Hiyo ni tofauti.”

Nilirudi chuoni baada ya Mfungo Tatu, mwezi wa Maulidi. Latifa amebaki na wadogo. Mimi nimepewa wasichana wakubwa, alasiri chache kwa wiki, na zinanitosha. Sina nguvu niliyokuwa nayo. Sukari nimeishusha lakini haijaniacha, na mwili unaoishi na sukari hupumzika kabla haujafanya kazi. Kila baada ya miezi mitatu napanda ngazi zile za Mkomani, daktari anapitisha chuma chake na kukwangua palipoanza kujenga. Itakuwa hivyo siku zote. Rukia na babake nao huenda, kwani daktari alisema wa nyumba moja wasingoje damu. Hata mama tulimpeleka. Alikaa kitini amenuna, akatazamwa fizi zake zisizo na jino, akaambiwa zina afya na azipanguse kwa kitambaa safi kila siku. Likoni nzima imesikia habari hiyo.

Lakini nilipokaa kuandika haya nilikuwa na sababu nyingine, nayo ni Bi Kibibi.

Bi Kibibi ni jirani yangu, hupika mahamri ya asubuhi, na amekuwa akiniletea habari za mtaa tangu tulipohamia. Siku moja aliketi barazani kwangu akanong'ona jambo karibu na sikio langu, nami nikaisikia. Ile ile. Harufu hiyo siwezi kuikosea. Nikamtazama anapocheka, nikaona fizi zimevimba, nyekundu, zinang'aa. Nilimwacha akaenda. Nilimwacha mara ya pili pia. Nilijiambia si kazi yangu, ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, nitamvunjia heshima. Ikanijia kwamba hayo ndiyo Omari aliyojiambia miaka yote ile, na Latifa, na wanawake waliosali ubavuni mwangu, na kwamba kila mmoja wao alikuwa mwema.

Mara ya tatu nilimwingiza ndani, nikafunga mlango.

“Dada yangu, nitakwambia neno baya. Mimi niliambiwa na mtoto, mbele ya watoto. Kinywa chako chanuka. Si uchafu, ni ugonjwa wa fizi, na nilikuwa nao.” Nikamweleza kliniki iko wapi. Nikavua jino langu la bandia nikamwonyesha pengo, ambalo hata mamangu sijapata kumwonyesha.

Uso wake ulibadilika.  Alichukua sinia lake, akajitanda leso, akatoka. Asubuhi iliyofuata mahamri yaliletwa na binti yake. Na iliyofuata. Tukikutana njiani alikuwa akitazama ng'ambo. Wanawake wawili watatu wakaanza kunisalimu kwa mkato, nikajua ameshasema. Nilisikitika sana, na uchovu wangu wote wa mwaka ule ukanirudia kwa pamoja. Omari akaniambia, “Waona sasa kwa nini sikuweza?” Nikamwambia naona.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu ya kutazamwa. Nilikaa kwenye chumba cha kungojea, kiti cha chini ya pangaboi, televisheni inacheza bila sauti. Mlango ukafunguliwa. Aliingia mwanamke amejifunika leso mpaka puani, akasimama, akatazama vile viti vya buluu na ile picha ukutani kama mtu anayetaka kurudi alikotoka. Halafu akaja akakaa kando yangu. Hakunisalimu. Aliupakata mkoba wake.

“Hicho chuma chake,” akasema akiwa anatazama mbele, “chauma?”

“Hakiumi sana. Chachosha.”

 Msaidizi akatokea mlangoni akaita jina lake, si langu, maana alikuwa amepiga simu kabla. Bi Kibibi akainuka, akajishusha leso usoni.

“Basi nishikie mkoba wangu,” akasema.

Nikamshikia.